Opena Niliyomwazima Shangazi

Jamani, nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: ni kweli, mimi ndiye niliyetolewa stoo siku ya jubilei ya babu na bibi kule Uru, nimelowa bia kuanzia kifuani hadi magotini, shati limefunguka vifungo, opena mkononi, na Padri amesimama mlangoni ananitazama. Wanaosema nilikuwa nimelewa ni waongo, siku ile sikuwa nimeonja hata mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Ukweli wenyewe unaniaibisha kuliko huo ulevi wanaonisingizia.

Wengi wenu mnajua nina kibanda changu pale Moshi mjini, naprinti, nalaminisha, napiga pasipoti saizi. Sasa miaka hii ya karibuni kuna watalii wanashuka mlimani na kamera za zamani, zile za mkanda, wanauliza nani anaweza kuwasafishia picha, na mimi nikaona hapa kuna ugali. Nikaenda kwa Mzee Aloyce, aliyekuwa na studio enzi hizo kabla simu hazijatuua, nikamwambia shikamoo mzee, nifundishe. Akanifundisha, na nilipomaliza akanipa zawadi ya kifaa kimoja anachokiita opena. Ukikiona hutakitofautisha na opena ya soda: kipande cha chuma, mdomo mbele, mkia nyuma. Ila mdomo wake ni mwembamba, umekatwa kushika ukingo wa kile kikopo kidogo ambamo mkanda wa picha umejiviringisha. Mkanda ukiona mwanga umekufa, kwa hiyo unaingia kwenye giza totoro, unapapasa, unabandua kifuniko kwa opena, unautoa mkanda, unauzungusha kwenye gurudumu lake, unautia kwenye tangi na kulifunika. Tangi likishafunikwa, hata ukitoka nalo juani halina neno.

Sasa bibi yangu. Bibi ametimiza miaka hamsini ya ndoa na hana picha hata moja ya harusi yake. Aliyewapiga picha siku ile alikuwa mdogo wake babu, akaondoka na kamera kurudi kazini, akafariki kabla mkanda haujasafishwa, na vitu vyake vikarudishwa nyumbani vikafungiwa. Mwaka jana tulipokuwa tunabadilisha bati za nyumba ya zamani, kikopo kikaonekana ndani ya mkebe wa majani ya chai. Bibi alikipangusa vumbi kwa kiganja. Halafu akakifunga kwenye leso yake akanipa, akasema, "Deo, sina kingine. Usiniharibie."

Mzee Aloyce alipokiona alishusha miwani. Akaniambia mkanda mzee namna hii haufanyiwi papara, njoo Jumanne tufunge mlango tuusafishe wawili taratibu. Mtu mwenye akili angesema asante mzee. Mimi nikasema hapana, nitausafisha kule kule Uru, siku ya jubilei yenyewe! (Nichekeni tu, mnaruhusiwa.) Nilishajionyesha sinema yote kichwani: watu wanakula ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, mimi natoka stoo na mkanda unadondosha maji, naupiga kwa simu, naugeuza rangi (maana kwenye mkanda cheupe hutoka cheusi), MC anaurusha kwenye ile skrini kubwa, Bibi analia, ukoo mzima unanipigia makofi. Na ili iwe sapraizi, sikumwambia mtu hata mmoja.

Siku ikafika, jua zuri, mlima umejifunua wote, turubai limefungwa kati ya migomba na kahawa, Padri ameshasalisha misa, watu wamevaa vitenge vya sare. Kamati ya vinywaji ilikuwa chini ya Shangazi Epifania, dada yake mkubwa baba, mwanamke ambaye kwenye msiba mmoja alimnyima mwenyekiti wa kijiji soda ya pili. Na mnajua shughuli zetu: kreti zitakuja, mbuzi watakuja, viti vitakuja, opena ndiyo itakayopotea. Wanaume walishaanza kufungua chupa kwa chupa, na mmoja kwa meno, wakati Shangazi aliponiona nimesimama na begi langu liko wazi.

"Deo, mwanangu, si opena hiyo? Niazime nimfungulie Padri soda moja tu."

Ningesema hapana, Shangazi, hii si ya soda, hadithi ingeishia hapo. Lakini ningeeleza ni ya nini na sapraizi yangu ingekwisha, na tena utamnyimaje Padri soda? Nikampa. Nilipoigutukia nusu saa baadaye nilimkuta katikati ya watu ishirini wanaomwita, nikamwambia Shangazi naomba opena yangu, akachomoa moja kutoka mfuko wa aproni bila kunitazama, nami nikaitia mfukoni bila kuitazama. Opena kwenye sherehe ni kama mtoto kwenye msiba, kila mtu anaibeba na hakuna anayejua ya nani.

Nikaingia stoo. Ni chumba cha mawe, hakina dirisha, mlango wake wa mbao nene za mringaringa, ndiyo maana nilikichagua mimi, na ndiyo maana Shangazi naye alikichagua kupangia kreti za bia zipate ubaridi. Nikafunga komeo kwa ndani, nikaziba nyufa kwa mablanketi, nikapanga tangi, gurudumu na chupa zangu za dawa, nikazima tochi ya simu. Giza likakaa sawasawa. Nikakitoa kikopo kwenye leso ya Bibi, nikaweka opena kwenye ukingo, nikabinya, ikateleza. Nikabinya tena, ikateleza ikanichuna kidole. Nikaipapasa vizuri na kidole gumba changu kikakutana na maandishi ya kampuni ya soda.

Hapo ndipo ningeacha. Lakini moyo ukaniambia Deo, wewe ni fundi, itegee upande. Nikategea upande, nikakamua kwa nguvu zote, kifuniko kikalia kii! kikanyanyuka nusu na kukwama hapo hapo, hakitoki na hakirudi. Jasho likanitoka. Sasa kikopo kimepasuka, mkanda upo wazi, na mimi siwezi kufungua mlango kwa sababu nje ni saa nane mchana na jua linawaka. Nikajiona mjinga kuliko wajinga wote wa Kilimanjaro. Nikaikumbuka leso ya Bibi.

Nikaona dawa ni moja tu, niite. Nikasogea mlangoni nikapaza sauti, "Opena! Nileteeni opena yangu!"

Kumbe wakati huo huo Padri alikuwa amesimama kubariki chakula na watu wote wamenyamaza, wameinamisha vichwa, hata watoto. Katika ukimya ule mtakatifu ikasikika sauti ya mwanamume kutoka chumba cha bia inadai opena. MC naye, badala ya kunyamaza kama Mkristo, akasema kwenye maiki, "Jamani, kuna mwenzetu ameshatangulia!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na nasikia hata Padri alishindwa kumalizia amina.

Shangazi akaja mbio, nikazisikia hatua zake. "Nani humo? Deo? Fungua mlango!"

"Siwezi, Shangazi! Nipe opena kwanza!"

"Nikupe opena! Umejifungia na bia za wageni halafu unaniagiza opena! Fungua nimesema!"

"Shangazi usisukume, nakuomba! Mwanga utaingia! Mwanga ukiingia tumekwisha!"

Sasa ninyi mnaelewa nilikuwa nasema mwanga wa jua. Lakini mlango ule ni mnene, umeziba kwa mablanketi, na ile 'u' yangu sijui ilipotelea wapi, maana walionisikia nje walisikia "mwanga ataingia", yaani yule mwanga anayewanga, mchawi. Nikasikia bibi mmoja anapiga kelele, "Mae! Amesema kuna mwanga!" Mwingine akaanza Salamu Maria. Mjomba mmoja ambaye masikio yake yana umri wake akauliza huyo mgeni wa wilayani Mwanga, kule Upareni, aliyefichwa stoo ni Mpare wa ukoo gani, na kama ni binti waje wazazi wake waongee vizuri. Mzee mwingine akasema kwa upole kabisa, "Ndiyo maana mimi nawaambia mnywe mbege. Mbege haina opena."

Hapo nje wakagawanyika, wengine wanasema nimelewa, wengine wanasema nimerogwa, na pande zote mbili zikakubaliana mlango uvunjwe. Nikasikia MC anatangaza (kwa maiki, kumbukeni, kwa maiki!) kwamba Padri aje na maji ya baraka. Nikajua sasa yamenifika. Nikavuta shati, vifungo vikaruka, nikakisokomeza kikopo kwapani, nikakumbatia mkono wangu na kuugeuzia mlango mgongo. Komeo likang'oka, mlango ukaingia na watu wanne, mmoja akanikumba, mimi nikaangukia kreti, kreti ikaangukia nyingine, chupa tatu zikapasuka, na bia yote ikaja kwangu.

Nilipofumbua macho nilikuwa chini. Padri alishaninyunyizia maji, labda kwa mazoea tu. Shangazi amesimama juu yangu, mikono kiunoni, na pale kiunoni, kwenye kamba ya aproni, opena yangu ya Mzee Aloyce inaning'inia imefungwa na utepe mwekundu isipotee.

"Hiyo hapo," nikamwambia.

"Ipi?"

"Opena yangu, Shangazi."

Watu wakacheka upya, na mimi nikaanza kueleza, mkanda, giza, harusi, mdogo wake babu, nachanganya yote kwa pamoja huku bia inanidondoka kwenye nyusi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mlevi. Halafu watu wakaachia njia, na vicheko vikapungua vyenyewe kimoja kimoja, kwa sababu Bibi alikuwa anakuja. Alikuwa na gauni lake la jubilei, jeupe, na ua kifuani. Akatazama leso yake sakafuni, kwenye bia.

"Deo. Mkanda uko wapi?"

Nikakitoa kikopo kwapani, nimekifunika kwa viganja viwili, nikakitumbukiza kwenye tangi na kulifunika. "Huu hapa, Bibi."

"Umeona mwanga?"

"Kidogo, Bibi."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aliokota leso, akaikamua, akarudi kwenye kiti chake pembeni ya babu, na sherehe ikaendelea, ndafu akakatwa, watu wakacheza, na mimi nikakaa nyuma ya banda la ng'ombe hadi jioni nikiona aibu hata ya ng'ombe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Aloyce na tangi langu. Nilimsimulia yote, hakucheka hata kidogo (alikuja kucheka wiki iliyofuata, akacheka hadi akaketi chini). Aliniuliza swali moja tu: "Sasa kifuniko kilipokwama, kwa nini hukukitia kikopo kizima ndani ya tangi, ukalifunika, ukafungua mlango na kutoka zako?"

Nikamkabidhi tangi.

Tukafunga mlango, akabandua kile kifuniko kwa mkono mmoja, tukausafisha mkanda wawili taratibu kama alivyotaka tangu mwanzo. Mwanga ulikuwa umepenyea upande ule ule niliouharibu, ukala ukingo mmoja wa mkanda kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bahati yangu mbaya ukingo huo ndio uliokuwa na vichwa. Picha zote, kuanzia mabegani kwenda juu ni nyeusi tii kwenye mkanda, na ukiziprinti ni nyeupe kama maziwa. Chini ya hapo zimetoka, zimefifia lakini zimetoka. Nikaprinti moja iliyo safi kuliko nyingine, nikachuma jani la isale, maana kwetu ukimpelekea mtu isale hawezi kukunyima msamaha, nikapanda Uru.

Nilimkuta Bibi anachambua maharage barazani na babu anasinzia. Nikapiga magoti, shikamoo Bibi, nikanyoosha isale. Akalichukua, akaliweka pembeni juu ya ungo. "Nimesikia. Leta picha."

Babu ndiye aliyeiwahi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Huyu si mimi."

"Ni wewe, babu. Wewe na Bibi, mlangoni pa kanisa."

"Anayesema ni mimi alete kichwa."

Bibi akamnyang'anya. Akaitazama, na mimi namtazama yeye, nasubiri hukumu. Mle kwenye picha kuna gauni, kuna koti lililomzidi mtu mikono, na katikati, mahali ambapo hakuna aliyepaswa kuona, kwa sababu enzi zile mwanamume wa Uru hakumshika mke mkono mbele za watu, vidole vya babu vimeshika vidole vya Bibi, vimeshika kwa nguvu kabisa, vimejificha kwenye mkunjo wa gauni. Babu naye akaviona. Akakohoa, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe.

"Kaa," Bibi akamwambia. Akaketi.

Halafu akanigeukia, macho yamejaa maji na anatabasamu. "Vichwa vyetu vipo, Deo, naviona kila siku, na cha huyu nimekichoka. Hili la mkono nilishaanza kudhani niliota."

Kwa hiyo jamani, nimeshaapa: kazi ya gizani nitaifanyia gizani, na Mzee Aloyce, mlango umefungwa, bila MC, bila makofi. Na hiyo picha Bibi ameitundika sebuleni, fremu ya dhahabu, na kila mgeni akiuliza vichwa vimekwenda wapi, anaitwa Deo aje aeleze.