Nilivyomsahihisha Mwingereza Kiingereza Chake

Tangu Jumatatu situlii. Naketi, nainuka, nafungua kamusi, naifunga. Heri niseme mwenyewe kabla habari haijafika kwetu Kibabi.

Kiingereza nilijifunza peke yangu hapa Mubi, kwa kamusi niliyoikuta dukani kwa Papa Kambale, kati ya vitu walivyoacha wazungu baada ya uhuru. Maneno kumi kila siku, kuanzia herufi A, miaka minne bila kuruka hata moja. Kwa hiyo mgodi ulipotafuta mkalimani wa injinia mpya, Mwingereza aliyetoka Uganda, nilijiona nimeshapata kazi.

Jumatatu hiyo injinia alinijaribu mbele ya wafanyakazi wote. Alionja maharagwe ya Mama Furaha, mpishi wa mgodi, akasema ni "nice". Nikamkatiza: bwana, neno hilo ni la mtu anayechaguachagua, si la maharagwe. Akatabasamu. Nikamsahihisha neno la pili, kisha la tatu.

"Papa, unamufundisha muzungu luga ya mama yake?" Mama Furaha akaniuliza.

"Kitabu njo kinasema hivyo, si mimi," nikajibu, nikampa injinia kamusi.

Hakutafuta neno lolote. Alifungua ukurasa wa mbele kabisa, ambao mimi sikuwahi kuusoma kwa sababu herufi A ilianza kurasa kadhaa baadaye, akatazama mwaka wa kuchapishwa.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "maneno huzeeka. Hivi ndivyo alivyosema babu wa babu yangu."

Mama Furaha akaweka mwiko chini. "Basi Papa, kazi umepata. Ila utamutafsiria yule babu, kule kaburini!"