Kiti cha Kaka Ukutani

Nilimwona. Kwa miaka mingi nimesema sikumwona. Nimemwambia hivyo mama, nimemwambia baba mdogo, nimewaambia wanakwaya na mwanamume mmoja aliyetaka kunioa, na kila mara kwa sauti ile ya mtu aliyesoma chuo kikuu, sauti ya kufunga mjadala. Lakini nilimwona kaka yangu ameketi kwenye kiti ambacho, katika picha ile, hakuna mtu aliyeketi. Sina maelezo. Nimeyatafuta, maana kutafuta maelezo ndiyo kazi pekee niliyofundishwa, na sijayapata.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo. Babati ilikuwa imeamka asubuhi moja ikaambiwa ni makao makuu, na ilikuwa bado inajitazama kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Maofisa walikuwa wanahamia na magodoro yao juu ya malori, nyumba za kupanga zikaisha Bagara, na mimi nikarudi kutoka Dar es Salaam na shahada, viatu visivyofaa kwa matope, na wazo. Kule Dar nilikuwa nimezoea kwenda makumbusho kutazama maonyesho ya picha: ukuta mweupe, picha moja moja, watu wakitembea polepole na kulaza vichwa upande kana kwamba wanaumwa shingo. Nikaamua kwamba kitu ambacho mkoa mpya unakihitaji kuliko maji ya bomba ni maonyesho ya picha. Ajabu ni kwamba afisa utamaduni alikubali. Akanipa ukumbi karibu na soko.

Picha hazikuwa shida. Mjini kulikuwa na studio moja ya zamani yenye desturi ambayo sijaiona kwingine. Familia ikienda kupiga picha na mmoja wao hayupo, yuko jeshini, shule ya bweni au machungani mbali, mpiga picha aliweka kiti chake kati ya wenzake, na juu ya kiti akalaza nguo yake. Mtu akirudi, mnapiga picha nyingine naye ameketi. Akifa, mnarudi pia, mnapiga picha bila kiti. Kwa hiyo ukiingia sebuleni kwa watu ulijua, kabla hujakaribishwa chai, kama kuna mtu bado anangojewa. Niliazima picha za namna hiyo nyumba kwa nyumba, Bagara mpaka Nangara, nikaziwekea maelezo yenye maneno kama "dhana ya kutokuwepo". Nashukuru hakuna aliyeyasoma.

Yetu ilikuwa mojawapo. Mama katikati, mimi kulia na sare ya shule, na kushoto kiti chenye koti la kahawia la kaka. Kaka alikuwa amekwenda Mererani kuchimba madini. Mwanzoni alituma salamu kwa makondakta wa mabasi. Baadaye tukasikia shimo limebomoka, halafu tukasikia si shimo lake, halafu hatukusikia kitu tena kwa miaka. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo baba mdogo ndiye aliyekuwa na sauti, na alitaka tuweke matanga.

"Shemeji, twende studio tupige picha bila kiti. Tulie, tumalize."

"Wewe umemzika?" mama alimuuliza.

"Sijamzika."

"Basi kunywa chai yako."

Nilidhani mama ataninyima picha ile. Badala yake aliifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akanikabidhi. "Ipeleke. Watakuja watu wengi. Mmoja wao atakuwa anamjua."

Baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa. "Mnamtafuta mtu kwa picha ya kiti! Kwa nini msiende redioni mkatangaze kikohozi chake?"

"Watalijua koti," mama alisema. Akanitaka niandike chini ya picha kwamba mwenye habari za mwenye koti apige simu dukani kwa jirani yetu, mfanyabiashara Mwislamu ambaye simu yake ya mezani ilitumiwa na mtaa mzima. Niliona aibu. Makumbusho ya Dar hawaandiki namba ya simu ya duka chini ya picha. Niliandika kwa herufi ndogo. Mama akaja ukumbini, akatazama, akaniambia niandike kwa kubwa.

Watu walikuja kweli, na hakuna aliyelaza shingo. Wazee walizisalimia picha. Walipita ukuta mzima wakinong'ona shikamoo, shikamoo, na kwenye picha za vijana walisimama kimya, wakingoja waamkiwe. Mara mbili tatu niliwasikia wakijibu marahaba. Nilicheka peke yangu mezani, na nikaandika jambo hilo kwenye karatasi kwa ajili ya makala ambayo sikuja kuiandika.

Kisha akaja bibi mmoja kutoka tambarare za Hanang, mfugaji, amekuja mjini kumtazama mgonjwa. Alisimama mbele ya picha yetu akiegemea fimbo.

"Huyu mwenye koti mbona anaangalia pembeni?"

"Bibi, pale hakuna mtu. Ni kiti."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekataa kwamba ndiye aliyelamba sukari. "Haya," akasema. "Kama mmegombana naye."

Nilikuwa na jibu: kioo cha fremu, dirisha la mkabala, kivuli cha mtu anayepita. Nikaihamishia picha kwenye ukuta usiotazamana na dirisha. Kesho yake mama mmoja muuza samaki wa ziwani aliweka beseni lake chini, akatazama, akageuka kunitazama mimi. "Mmefanana na kaka yako, ila yeye amekonda." Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba nina kaka.

Mimi nilimwona alasiri ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika, ukumbi mtupu, nami nimeinama kuweka ndoo chini ya paa lililokuwa linavuja. Nikahisi natazamwa na mtu anayengoja nimalize. Niliinua kichwa. Koti lilikuwa na mabega ndani yake. Juu ya mabega kulikuwa na kichwa, kimegeuka upande aliokaa mama pichani, na mkono ulikuwa juu ya goti, vidole vikigonga taratibu, kama alivyokuwa akifanya chakula kikichelewa. Picha haichezi. Hilo nalijua. Nikageuka haraka kuona ni nani amesimama nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ndoo. Nilipotazama tena, kiti na koti basi. Niliitoa picha ukutani, nikasema msumari umelegea.

Maneno ya ukumbini yalifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta baba mdogo mlangoni, kwake mambo yamekwisha. "Aliye hai haonekani mahali ambapo hayupo. Mtoto amekuja kuaga. Jumamosi tunaweka matanga."

Mama hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Wewe unashinda pale. Umemwona?"

Nilielewa papo hapo. Ya bibi na ya muuza samaki yalikuwa maneno ya watu. Yangu mimi, msomi, yangekuwa maziko.

"Sijaona mtu, mama. Ni kioo tu."

"Apa."

"Naapa."

Ndiyo mara pekee shahada yangu ilikuwa na uzito katika ukoo ule, nami niliitumia kudanganya. Baba mdogo alikubali kusogeza mbele wiki moja, si zaidi. Picha ilirudi ukutani kwa amri ya mama, na siku zilizobaki nilikaa nimeipa mgongo, nikijua inajua.

Siku ya mwisho kabla ya matanga, wanawake wa mtaa walikuwa uani kwetu wakichambua mchele. Mama alikaa kati yao bila kuugusa. Jirani yetu wa dukani akaja mwenyewe, mbio, ameacha duka wazi, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akifanya.

"Mama, kuna simu. Ya Mererani."

Nilifika wa kwanza. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Hapo ndipo kwa wenye koti la kahawia?"

"Ndipo."

"Kuna dereva wa lori ameona picha huko Babati. Anasema koti lina kifungo kimoja cheupe. Mwenyewe ananisimulia hilo koti kila baridi ikianza."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, dada. Ametoka kununua mkaa. Hajui kama napiga."

"Mbona haji?"

"Alisema atarudi kwao na gari. Gari halikupatikana."

Mama alininyang'anya mkonga wa simu. Nikasikia shikamoo nyembamba kutoka mbali, naye akaitikia marahaba. Hakuuliza yuko wapi wala kwa nini. Baba mdogo alikuwa amefika mlangoni, kofia mkononi, akimtazama mdomo.

"Anakula?" mama aliuliza. Akasikiliza. "Vizuri. Usikate, mwanangu. Nitasimama hapa hapa mpaka arudi na huo mkaa."