Kiondo Nyuma ya Mlango

Nilipokuwa mtoto kule Mashimoni, Kibera, kitu nilichokiogopa kuliko moto, kuliko hata mwalimu wa hesabu, kilikuwa kiondo, kile kikapu cha kusuka. Kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, kimefungwa mdomo kwa kamba ya katani, na kila mlango ulipofunguliwa kiligonga bati. Kilikuwa cha Susu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Susu wangu alikuwa amekuja kutoka Machakos kutibiwa miguu. Miguu ikapona, yeye akabaki.

Mambo yalianzia kanisani. Mhubiri wetu alipenda kusema kwamba Mkristo ni msafiri, kwamba hapa duniani tumepanga tu, na kwamba tunaweza kuitwa saa yoyote. "Je, uko tayari?" aliuliza, akitunyooshea kidole. Watu wakaitikia amina, wakaenda nyumbani kupika. Susu alienda nyumbani akafunga mzigo.

Msidhani hakuelewa mahubiri. Aliyaelewa, pengine kuliko sisi sote. Lakini alikuwa mtu wa vitendo. Ukimwambia kuna safari, atakuuliza tunabeba nini. Akatia kiondoni ndengu alizozichambua mpaka zikang'aa, sukari, majani ya chai, kipande cha sabuni na leso mpya ambayo hakuwahi kuivaa.

"Hizi ni za nani?" nikamuuliza.

"Za mwenyeji wangu. Utaingiaje kwa mtu mikono ikining'inia hivi?"

Ilinichukua muda kujua mwenyeji huyo ni nani. Haki ya nani, nyanya yangu alikuwa anampelekea Mungu ndengu!

Leo nacheka, lakini wakati ule Mama hakucheka hata kidogo. Pale kwetu kila mtu alijua kwamba mzigo uliofungwa ukilala nyumbani bila safari, unaita safari, na safari inayoitwa hivyo si ya basi. Mama hakuwa ameyasikia haya kwa majirani tu. Ndugu yake, Mjomba Mutua, aliwahi kufunga begi lake aende nyumbani Krismasi. Kazini wakamzuia, begi likakaa kando ya kitanda. Machakos alirudi kweli, lakini ndani ya jeneza, na begi lilipanda gari hilohilo, bado limefungwa. Tangu siku hiyo Mama hakukubali hata mfuko wa sokoni ulale na kitu ndani.

Basi pakawa na vita vya kimya nyumbani. Susu akitoka kuota jua, Mama anashusha kiondo, anarudisha sukari kwenye mkebe na ndengu kwenye sufuria. Jioni Susu anakipima kwa mkono, anaona ni chepesi, anapakia tena bila neno. Mara moja tu ndipo niliposikia wakijibizana.

"Mwaitu," Mama alimwambia kwa Kikamba, yaani mama yangu, "kwani unataka kutuachia kilio?"

"Mutua hakuuawa na begi," Susu akasema. "Na mimi ndiye niliyemzaa."

Mama akageuka kuwasha jiko. Mimi ndiye niliyebaki na hofu. Nikitoka shule, kabla sijavua viatu, nilichungulia kwanza kama Susu yupo. Nikimkuta anasuka kiondo kingine mlangoni, moyo unatulia. Nikimkosa, natafuta plot nzima, chumba kwa chumba.

Mwisho wa mwaka huo, 2007, kura zikapigwa. Yaliyofuata kila Mkenya wa rika langu anayajua, na sina hamu ya kuyarudia yote. Baba alikuwa kazini Mombasa, barabara zimefungwa. Kibanda cha mboga cha Mama kilichomwa. Watu tuliochota nao maji kwenye foleni moja walianza kuulizana majina ya ukoo. Asubuhi moja jirani wa mlango wa pili, baba wa kabila jingine ambaye tuliombana naye chumvi miaka yote, aligonga akasimama nje bila kututazama machoni.

"Mama Mutheu, tokeni leo," akasema. "Aki tokeni. Wakija jioni sitaweza kuwatetea."

Mama alichanganyikiwa kabisa. Alishika sufuria akaiacha, akashika godoro, akakumbuka vyeti, akasahau viatu vyangu, akarudi kwenye sufuria. Susu alijifunga kitambaa kichwani, akanyoosha mkono, akakitoa kiondo kwenye msumari.

"Mimi niko tayari," akasema. Hakusema kwa kujigamba. Aliongea kama mtu anayesubiri wenzake wamalize chai.

Woi, nililia! Niliona safari imeitwa na sasa imefika. Nilimshika sketi nikamsihi, "Kirudishe, Susu. Kiache hapa." Alinifuta pua kwa ncha ya kitambaa chake, tukatoka.

Tulipitia Kambi Muru, tukapanda hadi barabara ya Ngong, tukashika njia ya Kawangware kwa miguu pamoja na watu wengine waliobeba vitanda na kuku. Moshi ulikuwa kila upande. Mimi sikutazama moshi. Nilikuwa natazama miguu ya Susu, nikingoja aanguke. Hakuanguka, ila alikuwa akisimama mara kwa mara kubadilisha bega.

Mama alikuwa na rafiki yake kutoka Kitui aliyepanga chumba Kawangware, kwenye plot ya mama mmoja mzaliwa wa hapo, Mama Njeri. Tulifika jua likianza kupoa. Lango la mabati lilikuwa limefungwa. Mama Njeri alifungua kidirisha kidogo cha langoni, tukaona macho yake tu.

"Huyo mnayemtafuta alienda nyumbani Krismasi na hajarudi," akasema. "Na mimi sifungulii mtu nisiyemjua. Nyinyi mmetoka wapi?"

"Kibera," Mama akasema.

"Ngai! Sasa nikiwaingiza, kesho watu wakiniuliza nimeweka nani hapa, nitasema nini? Niko na watoto."

Hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa kama sisi. Mama alimwomba, akalia, akataja jina la Yesu, na kidirisha kikafungwa. Tukabaki pale barabarani, maduka yanafungwa, watu wanaharakisha kuingia ndani. Kurudi Mashimoni hakuwezekani, na mbele hatukuwa na mtu. Ndipo Susu akagonga lango polepole, kama mgeni aliyealikwa.

"Hodi hapa."

Kidirisha kikafunguka. "Shosho, si nimesema..."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini sisi ni wageni wako, na hatukuja mikono mitupu. Pokea hii kwanza, halafu utatufukuza."

Akakiinua kiondo hadi kwenye kidirisha. Hakikuingia. Mama Njeri alikivuta upande wake, Susu akakisukuma kutoka upande wetu, kikakwama. Heshima ya ugeni ni kitu kigumu sana. Huwezi kumrudishia mama mzee zawadi yake usoni. Nikasikia komeo likivutwa. Lango likafunguka, Mama Njeri akatoa mikono yote miwili kukipokea, na akiwa amekikumbatia hivyo hakuwa na mkono wa kufungia. Susu akapita kando yake akiuliza habari za watoto.

Kama alijua tangu mwanzo kwamba kiondo hakitapita, hakusema hata siku moja. Mimi nina shaka zangu.

Mama Njeri alifungua ile kamba, akaona ndengu, sukari, sabuni, na ile leso mpya. Akakaa kwenye kigoda. "Mlikuwa mnaenda kwa nani na vitu hivi?" akauliza, lakini machozi yalikuwa yameanza kumlenga. Jioni hiyo tulikula ndengu zile na watoto wake, tukalala katika stoo yake ya mahindi. Kabla sijalala nilimnong'oneza Susu swali lililonisumbua.

"Sasa Mungu utampelekea nini?"

"Atajua nilipitia hapa," akasema, akanifunika.

Kusema kweli, mimi nilikuwa na furaha tele. Kiondo kilikuwa kitupu! Safari imekwisha, Susu hafi tena. Furaha hiyo ilidumu mpaka siku Mama Njeri alipokuja mlangoni na kiondo kimejaa: maharagwe, unga, viazi, majani ya chai.

"Chombo cha watu siwezi kukirudisha kitupu," akasema. "Mtu atanionaje?"

Nilitaka kulia. Susu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza kama kuna msumari. Nilimgeukia Mama, nikijua atakimwaga akipata nafasi. Mama aliokota jiwe uani, akaupigilia msumari mwenyewe nyuma ya mlango wa stoo, akakitundika.

Hatukurudi Kibera. Tulipanga hapohapo, Baba akatupata, na kiondo kikaendelea kujaa na kumwagika. Kila aliyefika kwenye plot ile akiwa na mtoto na hana sufuria alikionja. Susu alifariki baada ya miaka mingi, mchana wa kawaida, baada ya kula na kusema amechoka kidogo. Tulipokwisha kulia, Mama alienda nyuma ya mlango akakipima kwa mkono, kama Susu alivyozoea. Kilikuwa chepesi. Wiki hiyo vyote vilikuwa vimeenda kwa msichana wa chumba cha mwisho, aliyekuwa amejifungua. Nilidhani Mama ataangua kilio upya, kwamba mama yake ameondoka mikono mitupu.

"Atajua alipitia hapa," Mama akasema.

Miaka yote ile nilidhani kuwa tayari ni kuweza kuondoka haraka. Siku zile za Januari karibu kila mtu aliondoka haraka. Mtu aliyekuwa amejiandaa kufika kwa mtu, nilimjua mmoja tu. Kiondo sasa kiko nyuma ya mlango wangu, na Mama hunipigia simu kuniuliza kama ndengu hazijaingia wadudu. Akikata, naenda kukipima kwa mkono. Wiki hii ni chepesi, na siogopi.