Loice na Sanduku la Oyugi

Ukitaka kumkasirisha Loice, mwite mchawi. Mwite mjane mkaidi, mwite mdomo mrefu, atacheka tu na kuendelea kuchuma majani chai yake. Lakini hilo neno moja, wacha kabisa. Alilisikia la kumtosha mwaka wa tisini na sita, wakati ambapo kutoka Kericho mpaka Litein watu walinong'ona habari za waabudu shetani, hata paka mweusi akikatiza njia alikuwa na kesi ya kujibu.

Loice alitoka kwao kando ya ziwa akiwa mke wa Oyugi, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Oyugi huyo! Siku za kazi alishinda kwenye grisi, na Jumamosi akavaa koti jeusi linalombana kwapani, akawachezea watu karata kwenye holi la wafanyakazi. Wakambatiza Profesa. Alikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake vyombo vyake vyote vya mazingaombwe. Kulikuwa na pakiti ya karata alizozikata ukingo kwa wembe, upande mmoja mwembamba kidogo kuliko mwingine, ili karata ikigeuzwa kidole kiipate bila macho. Kulikuwa na kioo kidogo cha kuchungulia, na bahasha zenye mfuko wa siri ndani. Jini hapo yuko wapi? Ni wembe, gundi na subira.

Homa ya mapafu ikamchukua Oyugi. Mashemeji wakaja, wakabeba kitanda, redio na baiskeli. Sanduku wakalipiga teke, wakasema ni takataka. Mungu ni mkubwa! Loice akaliokota, akalifuta vumbi kwa kanga yake, na hilo ndilo likawa kitu pekee cha mume wake alichobaki nacho duniani.

Sasa mjane afanye nini na sanduku la Profesa? Loice akasimama jukwaani mwenyewe. Watu wakacheka, mwanamke na karata wapi na wapi, lakini walikuja. Akamchukua rafiki yake Chepchirchir, msichana Mkipsigis aliyechuma chai kwenye mstari wa jirani. Chepchirchir alikaa kwenye kiti amefungwa macho, Loice akapita katikati ya watu, mtu akimwonyesha karata, Chepchirchir anaitaja. Siri ilikuwa katika kuuliza. Loice akianza na "haya" ilikuwa na maana yake, akianza na "sema" maana nyingine, na wawili hao walikuwa wamekariri yote.

"Mjaluo na Mkipsigis wawe na akili moja?" watu walishangaa. "Haiwezekani! Kuna kitu hapo."

Kulikuwa na njia ya pili, ngumu zaidi, ambayo Oyugi aliipenda na hakuiweza: kuhesabu kimya. Mmoja anatoa ishara ndogo, wote wawili wanaanza kuhesabu moyoni, ishara ya pili inasimamisha hesabu. Mlipofika, hiyo ndiyo namba ya karata. Lakini lazima mwende sawa, na Oyugi alihesabu mbio kama mashine zake, kila mara akimwacha mke wake nyuma. Na Chepchirchir je? Siku moja wakichuma, Loice alimjaribu kwa mchezo tu. Wakafika pamoja. Wakarudia, wakafika pamoja tena. Miaka yote ile mikono yao ilikuwa ikienda bega kwa bega, kulia, kushoto, kulia, kushoto, majani mawili na kichipukizi. Lakini mbele ya watu hawakuthubutu kuijaribu hata mara moja.

Basi maneno yakamfikia Mzee Kiplimo, kiongozi wa wazee wa kanisa. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa kuogopa Mungu, na mwaka ule aliogopa pia kila kitu kingine. Alikuja kwa Loice akapiga hodi kwa heshima, akaketi, akanywa chai, ndipo akasema.

"Mama, hilo sanduku tutalichoma Jumapili baada ya ibada."

Loice aliweka kikombe chini. "Mzee, unichome mimi kwanza."

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Ni mikono tu, Mzee. Ni mazoezi. Hilo sanduku ndilo Oyugi wangu aliyebaki."

Mzee Kiplimo alikuna kidevu. Moyo wake haukuwa jiwe. Akafikiri, akatoa hukumu ambayo hata leo watu wa huko wanaiona ya haki. Jumapili, mbele ya kanisa lote, Loice na Chepchirchir wafanye mchezo wao karibu na Biblia iliyofunguliwa, kwaya ikiimba. Kama ni jini, atakimbia. Kama ni kazi ya mikono, kazi ya mikono haiogopi Biblia. Wakishindwa, sanduku linachomwa. Na karata za Oyugi hazitatumika. Mzee mwenyewe angenunua pakiti mpya Litein.

"Nimekubali," Loice alisema haraka, kabla Mzee hajabadilisha nia.

Jumapili holi la wafanyakazi, ambalo pia ndilo kanisa lao, lilifurika. Sanduku liliwekwa nje, juu ya kuni, na mafuta ya taa kando. Loice alipoliona pale alijisikia kama yeye ndiye aliyelazwa juu ya zile kuni. Chepchirchir alifungwa macho kwa kitambaa, Biblia mbele yake mezani. Mzee mmoja akachomoa karata, akamwonyesha Loice peke yake: tatu ya kopa.

"Haya, Chepchirchir," Loice alianza.

Hapo ndipo kwaya ilipoanza. Ole wake! Waliimba kama watu wanaofukuza simba bomani. Sauti ya Loice ilimezwa palepale. Alipaza tena, akaona Chepchirchir anageuza kichwa huku na huku, haambulii kitu. Loice alikuwa amefikiria Biblia wiki nzima. Nyimbo hakuzifikiria hata kidogo. Kupitia mlango aliliona sanduku.

Akanyamaza. Akatembea taratibu mpaka karibu na kiti. Kitambaa kikipita juu ya pua huacha mwanya chini, hilo kila mwenye kazi hii analijua, na kwenye mwanya ule Chepchirchir aliweza kuona viatu. Loice akageuza ncha ya kiatu nje, kuelekea mlangoni. Kiatu kikigeuka nje ni kopa, kikigeuka ndani ni jembe, ndivyo walivyokuwa wakicheza shambani. Akainua kisigino. Anza.

Vidole vya Chepchirchir vilitikisika magotini. Kulia, kushoto, kulia. Loice akashusha kisigino.

"Tatu ya kopa!" Chepchirchir alipiga kelele.

Watu wakashtuka, kwaya ikayumba. Lakini Loice hakufurahi, maana alikuwa ameviona vile vidole. Msichana hakuweza kuhesabu bila kuchuma! Na waliokaa mbele, safu nzima ya kwaya, ni akina nani? Wachumaji watupu. Yunia, mkongwe wao aliyekuwa akichuma tangu Loice hajazaliwa, alikuwa amekazia macho ile mikono. Kisha akamtazama Loice usoni. Loice akajua amekwisha: siri ikitajwa, mchezo umeshindwa na sanduku linachomwa.

Yunia akatoka kwenye kwaya, akapanda jukwaani bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Huyu mtoto anatetemeka kwa baridi, na nyinyi mmekaa tu!" aliwakemea wazee. Akavua leso begani mwake, akaitandaza magotini mwa Chepchirchir, mikono yote ikafunikwa. Akarudi mahali pake na kuimba kuliko wote.

Loice alitaka kulia, akajizuia.

"Sasa mimi," Mzee Kiplimo alisema. Alichanganya karata, akachomoa moja, akaikinga kwa koti na kumwonyesha. Mfalme wa jembe. Kumi na tatu! Hakuna karata yenye hesabu ndefu kuliko hiyo. Ukiteleza kidogo tu umeanguka. Na kwaya sasa ilivuta wimbo polepole, wimbo wa kumvuta mtu yeyote aende nao.

Loice aliuacha wimbo upite. Akageuza ncha ya kiatu ndani, kuelekea Biblia: jembe. Akainua kisigino, na moyoni akaingia shambani asubuhi, umande magotini, Chepchirchir mstari wa pili. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Hakuwa anahesabu tena, alikuwa anachuma. Mikono iliposema basi, akashusha kisigino.

Kwaya yenyewe ilisahau kuimba.

"Mfalme," Chepchirchir alisema. "Mfalme wa jembe."

Mzee Kiplimo aliitazama karata, akaitazama Biblia, akaitazama karata tena. Kisha akainua mkono. "Ni kazi ya mikono! Biblia imeshuhudia!" Holi likalipuka kwa vigelegele. Mzee akatoka nje mwenyewe, akaliinua sanduku kutoka kwenye kuni, akaingia nalo kifuani na kumkabidhi Loice kwa mikono miwili. Loice alilia sasa bila aibu, akicheka hapohapo.

Jumatatu walikuwa shambani kama kawaida. Ukungu haujapanda, wanawake wameinama kwenye mistari, hakuna aliyetaja habari ya jana. Ndipo sauti ya Yunia ikatoka mbali:

"Kumi na tatu!"

Kicheko kilianzia kwake kikaenda mstari kwa mstari mpaka mwisho wa shamba. Wote walikuwa wamekiona kile kisigino na kuhesabu kwa mwendo wa kuchuma! Safu nzima, huku wakiimba, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, wala hajaufungua hadi leo.

Loice alichomoa leso kutoka kikapuni, ameifua na kuikunja vizuri. "Mama, nimekuletea leso yako. Asante."

"Ya nini tena?" Yunia alisema, mikono yake haijasimama. "Kaiweke kwenye sanduku la Oyugi pamoja na vyombo vingine vya kazi."