Makofi ya Mtafiti

Mtafiti ninayekaa naye ofisi moja huzunguka kwenye biashara changa zinazofungwa, zile ambazo hata rangi ya mlangoni haijakauka, ili ajue cha kuwafundisha wajasiriamali wetu. Kinasa sauti hukifunika kwa leso kisiwatishe watu, na huuliza kwa sauti ya chini, kama aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Darasani ni mtu mwingine: kila anayesimama kueleza wazo lake humpigia makofi, kwa viganja vipana vinavyolia kama mlango uliobamizwa.

Juzi tulimkuta mwanafunzi wake wa zamani, mshona mikoba, akiburuta vyerehani nje ya duka analolifunga. Mtafiti akauliza swali lake la siku zote: "Ulijua lini kwamba biashara haitasimama?"

"Kabla sijaianza, mwalimu. Siku ile darasani nilisimama niseme naacha. Hata salamu sijamaliza, ukanipigia makofi, darasa zima likafuata. Ningeuficha wapi uso wangu?"

Mtafiti akaikunja leso polepole, kinasa sauti kikiendelea kunasa.

Leo darasani binti mmoja amemaliza kueleza wazo lake, akamgeukia mwalimu wake akitabasamu. Mikono ya mtafiti ikainuka, ikabaki hewani, na wote wakatulia wakidhani anataka kusema jambo.