Omakase Nyumbani kwa Mama

Binti yangu anapika katika mkahawa wa Kijapani huko Nairobi. Alipokuja likizo alinieleza neno omakase. Mteja wa sushi, vile vipande vya wali na samaki mbichi, haagizi chochote, anamwachia mpishi amchagulie kila kipande. Neno lenyewe limetokana na kitenzi chao cha kukabidhi, yaani kumwachia mtu jambo lako kwa kuwa unamwamini.

Nilicheka nikashika mbavu. Mimi nauza samaki hapa Homa Bay, na mteja wangu hufunua mashavu ya samaki, akabonyeza tumbo, akanusa, akanisema kidogo, ndipo anunue. "Ai! Hao Wajapani waje kwenye meza yangu! Nitawauzia wa jana wote waishe."

"Mama, wewe nawe!" akasema.

Kicheko kiliisha tulipofika Ndhiwa kwa mama yangu. Tangu mwiba umkwame kooni akakimbizwa hospitali akitema damu, mama hakugusa samaki tena. Alilamba mchuzi tu, na alikuwa amekonda vibaya. Nikimpelekea minofu, anaisukuma. Kwake samaki hupakuliwa mzima na kichwa chake, na mtu mzima hujichambulia. Wa kuchambuliwa ni mtoto mdogo au mgonjwa wa kufa. "Bado sijafa," aliniambia, nami nikawaka hasira, maana ndicho nilichokuwa naogopa.

Binti yangu hakubishana. Alipika ngege mzima, akamweka mbele ya nyanya yake, akanawa, akaketi naye mkekani. Akaanza kuchambua pale pale mbele ya macho yake, akipitisha kidole kwenye kila kipande.

"Dani," akamwambia, ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya, "huko kazini watu wakubwa hulishwa hivi. Si wagonjwa. Wamemwamini tu mpishi."

Mama alichukua kipande cha kwanza, akakipapasa, akakivunja, akakipapasa tena, ndipo akala. Cha pili vivyo hivyo. Mimi nimeshika kikombe cha maji, roho mkononi.

Cha tatu alikitia mdomoni moja kwa moja.

Jamani, nililia. Nililia waziwazi, pua na macho, wala sikuona haya. Mama hakunijali hata kidogo. Alikuwa anatafuna polepole, amefumba macho, na kiganja chake amemnyooshea mjukuu wake, anangoja kingine.