Ufagio wa Mkunja Parachuti

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Eldoret, na Isaiah Adongo amepiga magoti kwenye turubai la lori. Anapitisha kiganja juu ya mshono, taratibu, macho ameyafumba. Kidole kinakwama. Anafumua na kuanza upya.

"Mzee, kwani ni nguo ya harusi?" anauliza Byron, dereva anayesubiri kupeleka mahindi Nakuru. "Mimi nataka tu mvua isiingie."

"Ikiingia utaniita mwizi," Adongo anamjibu bila kuinua kichwa. "Keti."

Siku ikiwa nzuri, kazi hii humpa kama shilingi elfu moja. Lakini mkono wake haukufundwa na turubai. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikunja parachuti katika kikosi cha ndege za mizigo cha jeshi, kikosi ambacho raia wengi walikisikia kikipita angani tu.

Yeye huikumbuka historia ya kikosi hicho kwa shehena zake. Mwanzoni yalikuwa magunia ya unga, yakidondoshwa kaskazini wakati wa ukame. Kisha blanketi na dawa za watu waliofurushwa na mafuriko. Baadaye wakaja makomando, walioruka gizani mahali ambapo wakunjaji hawakuambiwa.

"Rubani anajulikana," anasema. "Sisi hujulikana siku kitu kikiharibika."

Chumba chao cha kukunjia kilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, mkunjaji huruka na parachuti aliyoikunja mwenyewe. Ya pili ni ya ufagio. Aliyetoka nyumbani na ugomvi moyoni alisema asubuhi mbele ya wenzake, akapewa ufagio badala ya kukunja, akafagia mpaka apatane na mtu wake. Hakuna aliyemcheka.

"Hasira ina haraka," Adongo anaeleza. "Na kamba za parachuti hazitaki haraka."

Sasa desturi hiyo imebisha hodi nyumbani kwake. Binti yake, Lorraine, anasomea ukunjaji katika kikosi kile kile. Alhamisi hii anatakiwa kuruka na parachuti ya mkono wake mwenyewe. Asiporuka, kozi imempita.

Ila mamake, Nekesa, hajazungumza naye tangu aondoke. Khisa, kakake Nekesa, alikuwa komando aliyebebwa na ndege za kikosi hicho. Ndege ya mwisho aliyopanda iligonga mlima katika ukungu.

"Nililipa jeshi ndugu," anasema Nekesa, akimenya viazi kibandani, kando ya cherehani ya mumewe. "Ndugu anatosha."

Simu inalia. Adongo anaiweka kwenye spika juu ya turubai.

"Baba, bado nimeshika ufagio," inasema sauti ya Lorraine. "Sajini ananiuliza kama nilikuja kusomea kufagia."

"Ungenyamaza ukunje. Nani angejua?"

"Mimi."

Adongo anamgeukia mkewe. "Umesikia, Mama Lorraine?"

"Nimesikia. Huyo ni wewe mtupu."

Kisu kimesimama katikati ya kiazi. Byron anatazama viatu vyake. Nekesa anajifuta mikono kwa leso, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, kisha anaisogelea simu.

"Lorraine, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Mimi sijaacha kuogopa. Hapo babako asikudanganye."

"Sawa, Mama."

"Lakini hasira imeisha. Weka huo ufagio chini. Nawa mikono, ukunje."

Simu inapokatika, Adongo anaitia mfukoni. Anarudi kwenye mshono, anaushona mpaka mwisho, anakata uzi kwa meno. Byron analipokea turubai lake, naye, bila kuambiwa, anapitisha kiganja juu yake.

Jumatano, Adongo ananuia kufunga kibanda na kusafiri hadi uwanja ambako wanafunzi wataruka. Amekwishaazima koti zito.

"Sitaangalia juu," anasema. "Nitasikiliza. Parachuti ikifunguka vizuri inalia kama shuka linalokung'utwa. Nikisikia hivyo, nimemaliza kazi yangu."

Nekesa anatupa kiazi sufuriani.

"Basi kata tikiti mbili," anasema. "Lazima mmoja wetu aangalie."